Kopo la Vidonge Vyekundu

4 Februari

Kwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko ulipo? Sisi tupo, tunapumua, na paa halivuji tangu shemeji yako alipopanda mwenyewe na misumari mdomoni. Alishuka akajisifu siku tatu. Sasa mvua ikinyesha anaacha viatu vya watu anavyoshona, anakaa katikati ya chumba na kutazama juu kama mwenye shamba anayekagua mahindi. Binti yangu amemaliza mafunzo, anafundisha darasa la pili, watoto sitini na chaki moja. Anasema mjomba ameshasahau sura yake.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu. Kwenye simu tunaambiana "sisi wazima" mpaka salio linakwisha.

Mdogo wangu, figo zangu zimekufa. Zote mbili. Miguu ilikuwa inavimba, nikasema ni kukaa sana kwenye cherehani. Chakula kikawa na ladha ya chuma, nikalaumu sufuria. Siku moja nilianguka nikiwa nampima mteja kiuno, utepe bado mkononi. Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naunganishwa na mashine hospitalini. Damu inatoka mkononi, inasafishwa, inarudi, na mimi nimelala pale muda wa saa nne nikihesabu vigae vya dari. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwalimu mstaafu, mcheshi sana. Wiki iliyopita nilikuta kitanda chake kimetandikwa shuka jipya.

Daktari anasema mashine inanisogeza tu. Kinachohitajika ni figo ya mtu. Shemeji yako alijitolea kabla daktari hajamaliza kusema, akapimwa, sukari ikamkataa. Binti anataka kutoa, nimemkatalia. Hajazaa bado, na mimi sikumzaa nije nimpunguze. Ndugu wa tumbo moja ndiye anayefaa zaidi, na katika tumbo letu tumebaki wewe na mimi.

Njoo upimwe. Kupimwa tu kwanza. Nakuomba, na unajua mimi kuomba sikuzoea.

Jibu mpe dereva wa lori la chupa la kiwanda chenu, kama kawaida. Na mwaka huu usitume vidonge vya mgongo. Kopo la mwaka jana bado lina vingi.

Dada yako


19 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilifika katikati ya Februari. Sitasema ilichelewa njiani. Imekaa chini ya godoro langu mwezi mzima. Nilikuwa naitoa nikitoka zamu, naisoma, naikunja.

Mimi sijambo. Tunaishi wanane chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, na anayelala juu yangu huongea ndotoni. Juzi alimtukana nyapara wetu tusi baada ya tusi, tukamwacha amalize, maana alikuwa anatusemea wote. Kazi ni ile ile. Tanuri la kioo halijazimwa hata siku moja tangu nifike, huu mwaka wa kumi na mbili. Likizimwa, kioo kinaganda ndani na tanuri zima ni la kuvunja. Kwa hiyo sisi ndio tunaozimika kwa zamu.

Habari hiyo ya figo sijaielewa. Ilianzaje? Kwetu hakuna aliyekufa kwa figo. Baba alianguka, mama alichoka. Figo zimetokea wapi? Daktari anasema chanzo ni nini?

Kuhusu kuja, sasa hivi ni vigumu. Wawili wameondoka kwenye mstari wetu na nyapara hatoi ruhusa. Tusubiri kidogo tuone.

Nimempa dereva kopo la vidonge. Najua umesema nisitume, lakini mgongo ni mgongo, na hivi huku tunapewa bure.

Kitinda


2 Aprili

Kitinda,

Tumepokea salamu. Shemeji yako amecheka habari ya mwenzako mpaka akajichoma sindano. Kopo limefika pia. Nimeliweka juu ya kabati.

Unasema tusubiri kidogo. Haya, nikueleze ninachosubiri nacho. Daktari wa wodi yetu ni kijana, ana subira kuliko umri wake. Nilimwambia, "Mwanangu, nieleze vizuri. Mimi fundi, nikijua kitu kimekatikaje roho inatulia." Akavuta kiti.

"Mama, unaijua mitokondria?"

"Mtaa gani huo?"

Alicheka, akachora nyuma ya kadi yangu. Alisema mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila chumba mna vitu vidogo zaidi, ndizo hizo mitokondria. Kazi yake ni kama ya tanuri. Zinachukua chakula na hewa, zinaunguza, zinatoa nguvu. Figo imejaa matanuri hayo, kuliko karibu kiungo chochote, labda moyo tu ndio wa kushindana nayo. Kwa sababu figo haina likizo. Inachuja damu yote, halafu inakimbiza kila tone na kila punje ya chumvi kurudisha mwilini kinachofaa. Hiyo ndiyo kazi inayokula nguvu.

Sasa matanuri yakiumia, nguvu inapungua na moshi unazidi. Yakipasuka, vipande vyake vinamwagika, na mwili ukiviona mahali pasipo pake unadhani ni vijidudu vimevamia, maana vinafanana navyo. Unatuma askari. Askari wanafika na moto wao, wanamtafuta mwizi ambaye hayupo, wanabomoa nyumba. Panavimba, panawaka ndani kwa ndani, na kule kuwaka kunaumiza matanuri yaliyokuwa mazima. Mwishoni yanabaki makovu, na kovu halichuji kitu.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo aliyeanza ni nani, tanuri au askari?"

"Wakishashikana, mama, hata sisi hatuwezi kuwaamua. Huyu anamlisha yule."

Nimekuandikia yote haya kwa sababu wewe ni mtu wa tanuri. Kwangu mimi yamezimika, na kioo kimeshaganda. Unajua mwenyewe kinachofuata.

Umeuliza ilianzaje. Daktari naye aliuliza, maswali chungu nzima, nikajibu yale niliyoona yanafaa kujibiwa. Tuyaache hayo.

Niambie ndiyo au hapana.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Siwezi kuja. Tafadhali usiniulize.

Vile vidonge vya juu ya kabati vitupe vyote. Vitupe chooni, mtu mwingine asiviokote.

Msalimie shemeji na binti.

Kitinda


1 Juni

Kwako,

Nakuomba figo, unanijibu habari ya kopo.

Nimeikalia barua yako siku tano nikidhani kuna ukurasa wa pili dereva kaupoteza. Nimemwuliza. Akaapa kwamba ndiyo hiyo tu. Hata yeye aliona haya, na hakujua tulikuwa tunaandikiana nini.

Ulizaliwa mama akiwa hoi, na mimi nina miaka tisa. Nilikubeba mgongoni bombani, sokoni, na kwenye kile kilima cha hospitali kila ulipopata homa, na homa ulizipenda. Mwalimu alinikataza kuingia darasani na mtoto mchanga, nikasimama dirishani na wewe mgongoni. Jedwali la saba nimelisoma kutokea nje. Watu walidhani nina kibyongo. Sijawahi kukutajia haya, na ninayataja leo kwa sababu kesho huenda nisiwe na nguvu ya kushika kalamu.

Ungesema unaogopa kisu, ningekuelewa. Hata kusema umenichoka ni neno. "Usiniulize" si neno la kumwambia mtu aliyekufundisha kusema.

Sitauliza tena.

Dada yako


28 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini shemeji na binti hawajambo. Hasira zako zimefika pamoja na salamu. Nimezistahili nusu. Leo naandika yote, kwa mpangilio, maana nikiruka kitu nitakuwa nadanganya tena.

Ilipofika barua yako ya kwanza, kweli, niliogopa kisu. Mtu mzima, nabeba chuma chenye kioo kinachowaka, nikaogopa kisu. Ruhusa sikuwahi kuiomba kwa nyapara. Ile barua ya matanuri ndiyo iliyoniamsha. Mwaka wangu wa tatu hapa, tofali moja la chini ya tanuri lilipasuka. Tanuri halikuzimika, ila kioo kikaanza kuvuja na kuunguza nguzo. Tukakimbilia kumwaga maji, na kila tulipomwaga, tofali jingine likapasuka kwa baridi. Tulibomoa kuliko lile tofali lilivyobomoa. Niliposoma habari ya wale askari wako nilisema, haya ninayajua, haya yamo ndani ya dada. Nikaomba siku moja, nikaenda zahanati ya mjini kupimwa, ili nikija kwenu nije na karatasi mkononi.

Daktari wa pale ni mama mtu mzima, miwani inaning'inia kwenye kamba. Alisoma majibu, akanitazama, akayasoma tena.

"Unasema umekuja kutoa figo?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, huna ya kutoa."

Zangu zimebaki na nguvu kama ya robo. Nilimwambia sisikii maumivu. Akasema figo ina aibu, haipigi kelele mpaka mwisho. Akaniuliza kazi, nikamweleza, na nilivyokuwa nikieleza nilianza kujisikia mwenyewe.

Mdomoni pa tanuri tunasimama watu sita. Mmoja akitoka kwenda kukojoa, mwenzake anabeba chuma chake na cha aliyetoka. Kwa hiyo mstari wetu una sheria, na nyapara hakuitunga, tumeitunga wenyewe: hakuna kunywa maji mpaka kengele. Mgeni akinywa tunamwita Bomba, na jina linamganda. Mimi nimewaita watu Bomba miaka kumi. Mkojo wangu una rangi ya chai ya rangi, na nilidhani ndiyo rangi ya wanaume wa kazi. Na ili kichwa kisipasuke kwa joto, tunameza vidonge viwili vyekundu kabla ya zamu na viwili baada. Kopo liko mezani mlangoni. Unachota kama karanga.

"Una kimoja hapo?" aliuliza. Nilikuwa navyo mfukoni. Akavipanga mezani kama kete. Akasema mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua, na vidonge hivi vinaibana njia hiyo hiyo. Yale matanuri yanakosa hewa. Siku moja yanavumilia. Yangu yalikosa kila siku kwa miaka kumi na miwili.

Alikuwa anaendelea kusema lakini mimi nilikuwa nahesabu makopo. Kila Machi kopo moja kwako, tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa najivunia, dada. Wenzangu walipeleka nyumbani maneno, mimi nilipeleka dawa. Mwaka mmoja ulisema kimoja hakikusaidii mgongo, nami nikakujibu kwa mkono wangu: "Meza viwili asubuhi, viwili jioni, sisi huku ndivyo tunavyofanya." Herufi za sentensi hiyo ninaziona mpaka leo.

Ningekwambia sina figo ya kutoa, ungeuliza kwa nini, na ukijua yangu yamenipataje, ungejua na yako. Nikaona afadhali unione mchoyo. Tangu siku ile sijameza hata kimoja.

Mkubalie binti. Ni mzima, anataka, na wewe bado una siku. Usimkatalie kwa sababu ya huruma. Huruma ndiyo iliyotuma makopo.

Niandikie lolote, hata tusi.

Kitinda


15 Agosti

Kitinda,

Nilijua.

Siku ya kwanza daktari aliuliza natumia dawa gani, nikatoa kidonge mkobani. Akakigeuza, akaniuliza tangu lini, kisha akauliza nimekipata wapi.

"Dukani."

"Duka gani, mama?"

"Limefungwa."

Shemeji yako alikuwa amekaa pale. Alinitazama, akatazama viatu vyake, na tangu siku hiyo hajalitaja kopo kwa mdomo wake. Kuna methali ilinijia kichwani nikiwa kwenye kiti kile. Sikuisema na sitaisema. Ndiyo maana nilikuandikia usitume, na ulipotuma nililiweka juu ya kabati, mahali mtu anapoweka kitu asichotaka kukiona na asichoweza kukitupa. Uliposema nitupe, nilitupa.

Daktari alisema pia ni presha, na umri, na huenda na mengine, kwamba vidonge havikuwa peke yake. Sijui ni kweli au alikuwa ananionea huruma. Wewe amini.

Lakini sikiliza kosa langu, maana na mimi ninalo. Nilitaka figo yako, na nilitaka uje ukiwa hujui. Ningekuandikia ukweli Februari, ungeacha kumeza Februari. Kuanzia hapo mpaka ulipokwenda kwa yule mama wa miwani, kila kidonge ulichomeza ulikimeza kwa sababu mimi nilikuwa nakustahi. Nililala na hilo wiki nzima baada ya barua yako. Siombi unisamehe, nimekwambia tu.

Na jambo jingine. Vilisaidia. Mgongo ulikuwa unaniwaka, navimeza, unatulia, nashona. Nimeshona nguo za harusi, sare za shule, na ile suti ya shemeji yako anayosema azikwe nayo. Usije ukafikiri ulinitumia ubaya tu.

Sasa ni amri, si ombi. Kunywa maji, kiasi alichokwambia yule mama. Wakikuita Bomba, itika.

Miguu yangu imekuwa mizito. Shemeji yako ameazima mkokoteni, ananisukuma mpaka hospitali akipiga kelele, "Pisheni, mzigo wa thamani." Watu wanacheka na mimi nacheka. Kurudi ndiko kugumu. Mashine inaniacha kama nguo iliyokamuliwa, na kile kilima bado kipo pale pale.

Binti anakusalimu.

Dada yako


9 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimeacha kazi. Jumatatu nilibeba ndoo ya maji na kikombe mpaka mdomoni pa tanuri, nikanywa mbele yao. Mmoja akasema, "Bomba huyo." Nikaitika. Nikawaonyesha karatasi yangu, nikawaeleza habari ya matanuri madogo na askari, kama ulivyonieleza. Wawili walikunywa. Watatu walicheka, na yule anayeongea ndotoni ndiye aliyecheka zaidi, na mkojo wake ninauona kila siku. Nyapara akaja akasema maji karibu na kioo ni hatari, na hapo alisema kweli, nimeshakiona kikirukia macho ya mtu. Ndoo akaipeleka mlangoni, akaiweka mezani, pembeni ya kopo. Nimeviacha vimekaa hivyo pamoja. Kila anayeingia anapita mbele ya vyote viwili.

Umenipa salamu za binti ukaishia hapo. Nimeona mahali ulipotakiwa kujibu na hukujibu. Basi tutalisema sote wanne tukiwa tumekaa, na mimi nitamweleza binti habari ya kopo mwanzo mpaka mwisho. Akitoa, atoe anajua. Ukimkatalia, umkatalie mbele yangu.

Hilo la Februari nimelisoma mara moja tu, na sitaki kulisoma tena. Tumepeana sumu kwa upendo, mimi kwa kopo, wewe kwa kunyamaza. Sijui cha kufanya na jambo kama hilo, nitakuja nalo hivyo hivyo.

Barua hii haipewi dereva. Nimepanda naye, ninaiandikia kwenye lori, chupa zinalia nyuma yetu, ndiyo maana mistari imepinda. Nitakupa mkononi. Nimeiandika kwa sababu nikisimama mlangoni pako najua nitasema "sisi wazima", na wewe utasema hivyo hivyo.

Mwambie shemeji arudishe mkokoteni wa watu. Figo sina, lakini mgongo ninao, na kile kilima ninakijua, kwa kuonyeshwa na wewe. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenda na kurudi. Ukiwa mzito sitasema. Wewe hukuwahi kusema.

Kitinda